Gari Lililokataa Kushoto

Tulikuwa tumeshafika kwenye mteremko wa duka la vioo, mimi na begi langu begani, mpwa wangu wa kike na sanduku lake mkononi, ndipo nikamuuliza kitu nilichopaswa kumuuliza wiki nane nyuma.

"Hivi humo ndani mna nini hasa?"

"Gari, Mjomba."

"Najua ni gari. Mama yako kaniambia. Nauliza ni gari la namna gani, linalomwamsha mtu wa miaka arobaini Jumamosi mapema kuliko siku za kazi?"

Akacheka. "Ungeuliza tukiwa nyumbani ningekufungulia. Sasa wewe tayari una mguu wa kutoka."

Ni kweli. Basi langu lilikuwa la saa sita mchana, na pale ilikuwa kama saa mbili na nusu asubuhi. Dada yangu, mama yake huyu mpwa, alikuwa ameniaga bila kuinuka kitini kwa sababu ya goti lake. Alisema tu, "Nenda, kiguu na njia. Ukichoka kuzunguka, nyumba unaijua." Ndivyo tunavyoagana tangu ujana. Sijakaa mahali pamoja miezi mitatu mfululizo tangu nilipoacha shule, na shule yenyewe niliiacha mara nne, katika miji minne.

Safari hii nilikaa wiki nane. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sisubiri kupewa, nalitafuta mwenyewe. Siku ya tatu nilikuwa nimeshakaza bawaba za mlango wa jikoni, nimezibua bomba la sinki, nimepigilia rafu iliyokuwa inaning'inia, na nimeituliza meza kubwa ya sebuleni, ile iliyokuwa ikiyumba kila mtu akiegemeza kiwiko. Nikishika nyundo sijioni mgeni tena. Lakini lile sanduku sikuwahi kuliona likiwa wazi. Mpwa wangu ni fundi cherehani. Akimaliza kushona alikuwa anasogeza vitambaa, cherehani lake la chuma linabaki upande mmoja wa meza, na upande wa pili analifungua sanduku. Saa hizo mimi nilikuwa nje natembea. Miguu yangu haijui kukaa jioni.

Mbele ya duka la vioo wanaume wawili walikuwa wanashusha kioo kikubwa kutoka kwenye gari la mizigo. Kilikuwa kinabonyea katikati, kinainuka, kinabonyea, kama shuka kwenye kamba.

"Tazama pale," nikamwambia. "Niliwahi kubeba vile mwaka mzima. Watu wanadhani kioo ni kigumu. Kioo ni laini, ila kina hasira."

"Mjomba, kazi gani hujawahi kufanya?"

"Kukaa."

Ukumbi wao ulikuwa njiani kuelekea stendi. Akaniambia niingie dakika tano nione, nisije nikaenda kuuliza watu wa mbali habari za mpwa wangu mwenyewe. Nikasema sawa, dakika tano. Mtu anayenijua haniamini nikitaja dakika.

Zamani lilikuwa ghala la samani. Sakafu yote walikuwa wameitandika zulia la kijivu, fupi manyoya, limegandishwa kwa utepe mpana kila liliposhonana. Juu ya zulia wamepanga mbao nyembamba nyeupe, zinapinda na kurudi na kupinda tena, hadi zimefanya barabara yenye kona kumi na moja. Nilizihesabu. Ukutani kulikuwa na meza kumi na mbili, kila moja na soketi yake ya umeme, na kwenye kila meza mtu mzima ameinamia kitu kidogo kama sonara. Palinukia dawa fulani, katikati ya maganda ya machungwa na mafuta ya taa.

Nikaweka begi chini, karibu na mlango. "Fungua basi."

Akafungua. Gari lilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi kwenye vidole. Lilikuwa na pua ndefu, bawa mbele, bawa nyuma, na magurudumu manne yaliyo wazi kabisa, hayana paa, kama yale magari ya mashindano makubwa yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Akalivua gamba lake la plastiki. Chini yake hapakuwa na kitu ila bamba jeusi la kaboni, jembamba kama rula ya shule, betri katikati, na nyuma kijumba cha mota kilichoshikwa kwa kiungo laini kinachoweza kujinyonga kidogo huku na huku.

"Matairi ni ya nini haya?"

"Sponji."

"Sponji ya kuoshea vyombo?"

"Ya jamaa yake. Nayachonga kwenye mashine, halafu nayapaka dawa yashike zulia. Hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Haya ya mbele pembeni nimeyapaka gundi."

"Umeyapaka dawa yashike, halafu umeyapaka gundi?"

"Gundi ni ili yasishike sana. Yakishika kupita kiasi gari linapinduka kwenye kona."

Nikasema kwa hiyo kazi yenu ni kutia chumvi na kuitoa. Akasema ndiyo, Mjomba, ndiyo hiyo. Nikavuta kiti. Nikamuuliza mota inazunguka mara ngapi, rimoti inafika umbali gani, nani anahesabu mizunguko, na hako kamtambo kadogo pembeni ni ka nini. Alinijibu yote. Kamtambo kanatoa ishara kila gari likivuka waya uliozikwa chini ya zulia, na mashine inahesabu. Nilikuwa bado nauliza aliposimama mtu mbele yetu, mwembamba, shati limepigwa pasi, waya wa umeme ameuzungusha shingoni kama skafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye mjomba. Karibu sana. Mimi ni kinyozi wa mtaa wa pili. Nimekuja kuona kama waya wangu unafika kwenye soketi hii."

Mpwa wangu hakuinua kichwa. "Bado sijafa."

"Nani kasema umekufa? Napima tu. Hata jeneza hupimwa mapema."

"Kapime ndevu za watu."

"Nimefunga duka leo kwa ajili yako," akasema kinyozi, na akaenda kukaa kwenye benchi karibu, mahali anapoiona meza vizuri.

Nikauliza hiyo ni habari gani. Mpwa wangu akanieleza huku akifuta vumbi kwenye chasi kwa brashi ya kupakia rangi. Meza ni kumi na mbili tu kwa sababu soketi ni kumi na mbili. Wanaotaka kuingia ni wengi, wako kwenye orodha. Kuna sheria: mtu akishindwa kumaliza fainali siku tatu za mashindano mfululizo, anaiachia meza yake kwa wa kwanza kwenye orodha, na yeye anarudi mwisho wa foleni. Si lazima ushinde. Hata ukiwa wa mwisho, umalize dakika sita gari likiwa linatembea. Yeye mwenyewe alisubiri miaka miwili kuipata meza hii. Wa kwanza kwenye orodha sasa ni kinyozi.

"Na wewe umeshindwa mara ngapi?"

"Mbili. Leo ni ya tatu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini niliona brashi imesimama.

Aliyekuwa anaendesha mambo pale ni mama mmoja mnene, nesi mstaafu, saa yake ya kazini bado ameibandika kifuani kichwa chini miguu juu. Akapuliza filimbi. Raundi ya kwanza ya mchujo. Waendeshaji wakapanda jukwaa la mbao, wakasimama mstari mmoja na rimoti zao. Mimi nilisimama chini, karibu na zulia.

Sikutegemea mwendo ule. Nilidhani vitu vya kuchezea, kumbe vinapita kama panya aliyeona paka, na mlio wake unaingia kwenye meno. Gari la mpwa wangu lilikuwa jekundu. Kona ya kulia lilipita kama limefungwa kamba. Kona ya pili ya kulia, vilevile. Ikaja kona ya kushoto, mkia ukatangulia mbele, likazunguka kama pia na kugonga ubao. Mtu akaliokota, akalirudisha njiani. Kulia, safi. Kushoto, linazunguka. Dakika sita zilipokwisha lilikuwa limezunguka hivyo mara tisa na bawa la mbele limeng'oka upande mmoja.

"Raundi ya pili itakuwa hivihivi," akaniambia akishuka. "Zile fainali mbili zilikuwa hivihivi. Linagonga, linagonga, mwisho kitu kinavunjika."

"Kwa nini linakataa kushoto?"

"Ningejua ningekuwa hapa na uso huu?"

Nikamwomba anieleze kila anachofanya, tangu mwanzo, kama mimi ni mjinga. Kwa hilo sikuhitaji kujifanya. Akasema gari kama hili ni kama kigoda. Likikaa vizuri, kushoto na kulia yanabeba uzito sawa. Likipindika hata kidogo, gurudumu moja la mbele linabeba zaidi na jingine linaelea, basi gari litapenda upande mmoja na kukataa mwingine. Nyuma, kwenye kijumba cha mota, kuna springi mbili ndogo, ya kulia na ya kushoto, na kila moja inasukumwa na skrubu yake. Unaweka gari mahali palipo sawasawa, unainyanyua pua yake katikati kwa ncha ya kisu, polepole. Magurudumu mawili ya mbele yakinyanyuka pamoja, mambo ni sawa. Likitangulia moja, unageuza skrubu mpaka yalingane.

"Na umefanya hivyo?"

"Kila wiki. Nina kioo, kile cha mlango wa kabati la zamani la mama. Nakilaza mezani, gari juu yake. Magurudumu yananyanyuka pamoja kama mapacha. Halafu skrubu nazitia rangi ya kucha zisisogee." Akanionyesha. Kweli, vidoti viwili vyekundu.

"Na ukifika hapa hupimi tena?"

"Mjomba, nguo hupimwa mezani. Haipimwi harusini."

"Naona pale kwa nesi kuna jiwe." Lilikuwa bamba la marumaru, nene kama vidole vinne, juu ya meza ya matofali.

"Hilo ni la wanaoanza. Mwenye kioo chake nyumbani hapangi foleni kwenye jiwe."

Hapo nikamuuliza swali moja la mwisho, kwa udadisi tu, sikuwa na nia yoyote. Nikamuuliza ugonjwa huu ulianza lini.

"Wiki saba, wiki nane. Kabla ya hapo nilikuwa wa nne, wa tano. Muulize yeyote."

Nikaenda kunywa maji. Bomba lilikuwa nje, upande wa jua. Nikanywa, nikawa naangalia viatu vyangu. Wiki nane. Nikaiona ile meza ya sebuleni, mguu mmoja mfupi, na mimi chini yake siku ya tatu. Nilikuwa nimechonga kabari ya mbao na kuiingiza chini ya ule mguu. Iliingia kwa mkono ikatosha. Lakini mimi ni mtu wa nyundo. Nikaipiga tena mbili, tatu, hadi meza ikanyamaza kabisa, na dada akanisifu. Kona moja imeinuliwa na kabari, kona ya pili imekandamizwa na cherehani la chuma: ubao wa meza una njia gani ila kujinyonga? Na kioo cha mlango wa kabati, chembamba, ukikilaza juu ya ubao ulionyongeka kitafanya nini? Kitaulalia. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwonyesha mpwa wangu kioo kikibonyea mikononi mwa watu, na nikajiona mjuzi.

Basi kila wiki alikuwa analinyoosha gari lifuate meza yangu. Likifika hapa kwenye sakafu iliyonyooka, limepinda.

Nitasema kweli, nililitazama begi. Lilikuwa mlangoni, na stendi ilikuwa karibu. Mtu aliyezoea kuondoka, miguu humtangulia akili. Ningeweza kwenda na hakuna ambaye angejua, kwa sababu nani anachungulia chini ya meza? Saa ya nesi ilikuwa imefika saa nne na nusu. Fainali ni saa sita, saa ileile ya basi langu.

Nikarudi ndani.

"Mama," nikamwambia, maana ukitaka kuungama kwa mpwa wako ni vizuri umpandishe cheo kwanza. "Ile meza ya sebuleni."

"Imefanyaje?"

"Niliigusa."

"Najua uliigusa. Haiyumbi tena."

"Niliigusa kwa nyundo."

Akaweka bisibisi chini. "Mjomba. Nyundo na meza vinakutana wapi?"

Nikamweleza kabari. Nikamweleza kona na cherehani. Aliponisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa. "Lakini kioo ni kioo. Kioo hakipindi."

"Asubuhi umekiona kinabonyea mikononi mwa watu wawili."

"Kile kilikuwa kikubwa."

"Chako chembamba. Twende kwenye jiwe. Nikikosea, nitabeba sanduku lako hadi nyumbani kichwani, kila mtu aone."

Hakutaka. Kwenda kwenye jiwe ni kama fundi mkuu kuomba kufundishwa kutunga uzi kwenye sindano. Watu walikuwa wanatazama. Mwishowe akabeba gari, akapita mbele ya meza zote kumi na mbili, akaliweka juu ya marumaru. Nesi akasogeza kikombe chake kumpa nafasi.

Mpwa wangu akachukua kisu, akaingiza ncha chini ya pua, katikati, akaanza kunyanyua. Nikainama. Macho yangu si ya kazi hiyo tena, niliona magurudumu mawili na ukungu.

"Naona pamoja," akasema yeye, lakini sauti haikuwa na uhakika.

"Kushoto," mtu akasema nyuma yetu. "Kushoto linatangulia. Kwa unene wa kadi ya simu."

Ilikuwa sauti ya kinyozi. Alikuwa ameinama, jicho moja amelifumba, waya bado shingoni.

"Wewe hebu kaa mbali," mpwa wangu akamwambia.

"Nilikuwa nakaa mbali. Lakini mimi kazi yangu kutwa nzima ni kutazama kama ndevu za kushoto zimelingana na za kulia. Nikiona kitu kimepinda mdomo unajifungua wenyewe. Shusha tena, nyanyua. Ona. Kushoto."

Mpwa wangu akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Unataka meza yangu, halafu unaniambia kushoto?"

"Meza naitaka sana. Sasa unataka nikudanganye ni kulia?"

"Akili ni nywele," nikasema mimi, "kila mtu ana zake."

"Ndiyo maana mimi nazifagia kila siku," akasema kinyozi. "Leta bisibisi."

Rangi ya kucha ilikuwa imekauka kama saruji. Mpwa wangu aliikwangua kwa ncha ya sindano ya cherehani, akaigeuza skrubu moja robo, akanyanyua. "Bado," akasema kinyozi. Robo nyingine. "Bado, unywele." Nusu ya robo. "Hapo. Usiguse. Hapo." Watu wawili waliokuwa na vioo vyao nyumbani walikuwa wamesogea wakitazama, mikono mfukoni, kama watu wasiotazama kitu. Raundi ya pili ya mchujo ilikuwa imempita akiwa kwenye jiwe. Ina maana angeanza fainali akiwa wa mwisho kwenye mstari, na gari ambalo hajawahi kuliendesha likiwa hivi.

Ada yao ni kwamba asiyeendesha anasimama kwenye kona. Gari likipinduka, wa kona ile analiinua na kulirudisha njiani. Nesi akanielekeza kidole. "Mzee, kona ya tatu haina mtu." Nikasema nina basi. Akasema, "Na mimi nina kona ya tatu." Nikaenda kona ya tatu. Kinyozi akapewa kona ya saba.

Filimbi.

Magari kumi yaliondoka, maana mawili yalikuwa yamevunjika kwenye mchujo, jekundu nyuma ya yote. Kona ya kwanza ni ya kulia. Likaingia, na badala ya kupita kama kamba, likaenda moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, likagonga, likaruka kidogo, likaendelea. Kona ya pili vilevile. Nilishangaa, mpaka nikamtazama jukwaani na kuona vidole vyake. Kwa wiki nane vidole vile vilikuwa vimejifunza kubembeleza gari lililopinda: kushoto kwa woga, kulia kwa nguvu. Gari lilikuwa limenyooka. Mkono ndio ulikuwa bado umepinda.

Kona yangu ilikuwa ya kushoto. Lilipokuja nilikunja mikono niwe tayari kuliokota. Halikuzunguka. Lilipita mbele ya viatu vyangu limelala chini, sponji zinatoa sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole, likatoka upande wa pili na kwenda zake. Nilipiga kelele. Nesi akaniambia wa kona hashangilii.

Dakika ya pili likagonga tena kulia, kwenye kona ya saba. Likapinduka, magurudumu juu yakizunguka bure.

Kona ya saba ilikuwa ya kinyozi.

Kuokota gari kunachukua sekunde mbili kwa mwenye haraka, na sekunde saba kwa mwenye sababu. Angeweza kujikwaa. Angeweza kuliweka limetazama nyuma, bahati mbaya hutokea. Alikwenda mbio, akaliinua, akaligeuza, akalitazama bawa kwa jicho lile moja, akabonyeza kitu kwa kidole gumba, akaliweka sawasawa katikati ya barabara. Likaondoka. Yeye akarudi mahali pake na kuukaza waya shingoni.

Baada ya hapo mpwa wangu akapunguza mwendo. Ilinibidi nimheshimu, maana kupunguza ni kugumu. Mzunguko mmoja alikwenda kama bibi harusi, akijifunza kulia upya. Wa pili akaongeza kidogo. Dakika ya nne hakugusa ubao. Dakika ya tano alimpita mtu mmoja, na huyo mtu akamgeukia pale jukwaani kumwangalia usoni, kitu ambacho waendeshaji hawapaswi kufanya. Huyo mtu akagonga. Akapitwa na mwingine bure.

Filimbi ya mwisho ilipolia gari jekundu lilikuwa linatembea. Nesi akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, jina kwa jina, akafika, "Wa nane. Mizunguko thelathini na mmoja. Amemaliza."

Mpwa wangu alikaa chini palepale jukwaani, rimoti mapajani. Kinyozi akaja akasimama chini yake.

"Wa nane," akamwambia. "Na gari langu mimi lingekuwa la tatu."

"Gari lako liko wapi?"

"Kwenye sanduku, linasubiri meza."

"Basi lisubiri." Halafu akasema, "Njoo Jumamosi ijayo na jicho lako. Waya uache nyumbani."

Nikaangalia saa ya nesi, ambayo kwa mtu aliye mbele yake imepinduka, kwa hiyo nilichelewa kuielewa. Saa sita na dakika kumi. Basi lilikuwa limeondoka.

Tulirudi na sanduku nikalibeba mimi, lakini mkononi. Dada alikuwa kwenye kiti kilekile. Aliponiona hakushangaa, aliniambia tu chai ipo. Mpwa wangu akapita moja kwa moja hadi sebuleni, akapiga magoti, akaing'oa kabari kwa makofi mawili ya kiganja. Meza ikashuka kona moja. Dada akaegemeza kiwiko chake, meza ikayumba, akasema, "Nani ameiharibu meza yangu?"

Niliondoka Jumatano iliyofuata, kwa basi la asubuhi. Mpwa wangu aliendelea na meza yake ukumbini na msimu ule alimaliza wa sita kwa jumla. Sasa anapima kwenye jiwe. Kioo cha kabati walikirudisha kwenye kabati. Kinyozi alisubiri miezi mingine mitano, hadi mfamasia mmoja alipohamia mji mwingine, akapata meza ya karibu na choo. Siku yake ya kwanza alikuwa wa tisa. Nesi bado anapuliza filimbi. Dada alifanyiwa upasuaji wa goti, anatembea hadi sokoni na kurudi. Meza inayumba. Mimi niko kwa mtu mwingine sasa, fundi wa baiskeli, wiki ya tatu, na nimeambiwa nisiguse kitu.